Hesabu ya Njia Panda

Mgeni aingiapo Kariakoo na kuuliza liliko duka fulani, aghalabu hatajiwi nambari ya nyumba. Hutajiwa majina mawili. Huambiwa, "Swahili na Mkunguni," au "Kongo na Mchikichi," au "Uhuru na Msimbazi," na aliyemwelekeza hurudi katika shughuli zake akiamini kuwa amekwisha sema yote yapasayo kusemwa. Kwa kweli amesema yote. Jina la kwanza humpa mgeni mtaa mzima, mrefu, wenye mamia ya maduka. Jina la pili huukata mtaa ule mahali pamoja tu. Jina moja ni mstari. Majina mawili ni nukta. Hapana mchuuzi wa vitunguu wala mpiga debe asiyeijua elimu hii, japo si wengi waliopata kuambiwa kuwa ni elimu.

Nguvu yake ilionekana siku ya msiba. Asubuhi ya Jumamosi, 16 Novemba 2024, ghorofa moja la Kariakoo liliporomoka, na watu zaidi ya ishirini wakapoteza maisha yao. Mahali penyewe palitajwa kwa maneno mawili: Mchikichi na Kongo. Mtu mwenye ndugu katika maduka ya pale hakuwa na haja ya kuuliza zaidi ya hapo. Na mwenye ndugu katika mtaa mwingine aliweza kushusha pumzi. Majina mawili yalitosha kutenga hofu na faraja.

Mitaa hiyo haikunyooka yenyewe. Eneo lile lilikuwa shamba la minazi. Wajerumani walilitwaa muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya kwanza, wakalipima na kulikata vipande vya miraba ili Waafrika wakae mbali na nyumba za Wazungu zilizokuwa upande wa bandari. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, mahali pale pakawa kambi ya wachukuzi wa jeshi lao, Carrier Corps, na vinywa vya watu vikayageuza maneno hayo mawili kuwa neno moja, Kariakoo. Kati yake na mji wa biashara kukawa na kiwanja kitupu, Mnazi Mmoja, ambacho hakikuachwa kwa ajili ya upepo peke yake: kilitenga watu na watu. Waliochora miraba ile hawakukusudia kumfundisha mtu hesabu. Lakini mtaa wa Lumumba, wa Kongo, wa Swahili na wa Msimbazi ilipokwenda sambamba, na wa Uhuru, wa Mkunguni na wa Mchikichi ikaikata, wakazi walirithi daftari la miraba lililotandazwa ardhini, nao wamelikanyaga kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kwa kuwa mahali hapo pamebeba jina la wachukuzi, yafaa habari hii imfuate mchukuzi mmoja. Ni mtu wa miaka hamsini na ushei, mvuta mkokoteni, aliyemaliza darasa la saba na asichaguliwe kuendelea. Kwa miaka mingi amepeleka mizigo ya vitenge, sabuni na ndoo za plastiki kutoka madukani hadi vituo vya magari na maghala, na sifa yake kwa wenye maduka ni kwamba hapotei. Hupewa majina mawili, naye hushika mikono ya mkokoteni.

Jioni moja alipewa mzigo wa kwenda ghala lililo ndani ndani Keko. Pale hapakukatwa miraba kama Kariakoo. Mna vichochoro vinavyozunguka nyumba, vingine hufika ukutani na kurudi, na vingi havina jina lililoandikwa popote. Mahali pasipo na mitaa miwili yenye majina, elimu ya njia panda hufika ukingoni. Mwenye ghala alilijua hilo, akatuma kwa simu nambari mbili zenye desimali ndefu, na karani wa duka akazinakili katika kipande cha karatasi. Kwa kufupisha zilikuwa 6.83 na 39.28. Mchukuzi aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaondoka.

Alipofika Keko alimpata kijana wa bodaboda mwenye simu ya ramani. Kijana aliziandika nambari kama zilivyokuwa. Ramani ikaruka kaskazini, ikaivuka Kenya yote, ikatua katika nyanda za juu za Bale, kusini ya Ethiopia. Vijana wa kijiweni wakacheka. Kijana akadhani labda zimeandikwa nyuma mbele, akazigeuza. Mara hiyo mzigo wa vitenge ukaangukia Bahari ya Mediterania, magharibi ya kisiwa cha Sardinia. Wakacheka zaidi. Mwenye ghala alipopatikana kwa simu, ghala lilikuwa limekwisha fungwa. Mchukuzi alilala kando ya mkokoteni, kwa sababu mali ya watu hailazwi peke yake, na ujira wa siku ile haukulipwa siku ile.

Kosa lilikuwa kistari kimoja. Nambari ya kwanza ilipasa kuwa −6.83, kwa maana Dar es Salaam iko kusini ya Ikweta, na katika hesabu ya ramani kaskazini ni chanya na kusini ni hasi. Karani alikiona kistari kile katika simu, akadhani ni mfano wa vile viwekwavyo mbele ya kila bidhaa katika orodha: vitenge, sabuni, ndoo. Akakiacha. Asilaumiwe kupita kiasi. Mtu hawezi kuthamini alama ambayo hakuna aliyemwambia kuwa ni mapatano.

Usiku uliofuata, mchukuzi aliporudi katika chumba chake cha kupanga Ilala, alimkuta binti yake wa darasa la saba ameinama juu ya daftari. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulikuwa umekaribia. Katika zoezi la darasani alikuwa amekosa maswali manne kati ya matano, na yote manne yalikuwa ya kuonyesha nukta katika karatasi ya miraba. Baba alipoona mistari miwili iliyokatana, na nambari zikipanda juu na kushuka chini, zikienda kulia na kushoto, aliuliza ni nini. Binti akamwambia kuwa ni majira ya nukta.

Neno hilo ni la vitabu vya shule, na waliolichagua walichagua vema kuliko wanavyosifiwa. Kwa watu wengi leo majira ni wakati: majira ya mvua, majira ya mavuno. Lakini kwa mabaharia wa pwani majira ni njia ya chombo baharini, mwelekeo ambao nahodha huushika na kuulinda usiku kucha. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya mkondo na mapito. Baharini hapana mtaa wala njia panda, na mabaharia wa Bahari ya Hindi, ambao elimu yao iliandikwa na Ahmad ibn Majid katika karne ya 15, walikuwa na nambari moja tu ya kutumainia. Walipima kwa vidole kimo cha nyota juu ya upeo wa macho, wakajua wako kaskazini au kusini kiasi gani. Kipimo cha mashariki na magharibi hawakuwa nacho. Kwa hiyo walifanya hila ya busara: walisafiri mpaka nyota ifikie kimo kinachojulikana cha bandari waitakayo, kisha wakaufuata mstari huo mpaka nchi kavu iwapokee. Pwani yenyewe ndiyo iliyokuwa nambari yao ya pili. Anayedhani kuwa nambari moja yatosha, na aulize ni maili ngapi za maji zilizoko katika mstari mmoja.

Binti alimwonyesha baba yake kazi ilivyo. Mhimili mmoja umelala, mwingine umesimama. Vinakokutana ndipo paitwapo asili. Nambari mbili huandikwa ndani ya mabano, na mkato katikati yake. Ya kwanza huamuru mwendo wa mhimili uliolala: chanya kulia, hasi kushoto. Ya pili huamuru kupanda au kushuka. Mtu huanzia asili, hutembea hatua za kwanza, husimama. Ndipo apande au ashuke hatua za pili, na pale alipofika huweka nukta. Akimaliza hurudi tena asili kwa nukta nyingine, wala haanzii pale alipoishia.

"Hilo la mwisho ndilo lililonikosesha moja, Baba," alisema. "Niliendelea kutoka nukta ya kwanza."

"Kama mimi nikipeleka mzigo wa pili bila kurudi dukani," alisema baba.

Akaomba kalamu ajaribu. Nukta ilikuwa (3, 5). Aliweka ncha ya kalamu kwenye asili akasema moja, akasogea akasema mbili, akasogea akasema tatu. Akapanda namna hiyo hiyo. Nukta ikawa (2, 4).

"Baba, umeihesabu asili kuwa moja. Asili ni sifuri."

"Mwanangu, mtu akisimama mahali si amekwisha fika pamoja?"

"Amefika, Baba, lakini hajatembea."

Kosa la mchukuzi halikuwa la ujinga, na walimu wengi hulipita bila kulitazama. Kuna hesabu mbili katika maisha ya watu. Moja huhesabu vitu: magunia, mitaa, siku, na kitu cha kwanza ni moja. Nyingine huhesabu hatua, na kabla ya hatua ya kwanza pana mahali ambapo mtu yuko na bado hajaenda. Anayetembea Kariakoo huhesabu mitaa kwa hesabu ya kwanza: mtaa aliosimama ni wa kwanza, unaofuata ni wa pili. Karatasi ya miraba hutaka ya pili. Mtoto anayekosea hapa hajashindwa kuhesabu. Amehesabu kitu kingine. Anayempigia alama ya mkasi na kwenda zake amemnyima habari moja ndogo ambayo ingemtosha.

Hasi nayo ilikuwa na shida zake, na hizo hazikuanzia Ilala. Mfaransa René Descartes alichapa kitabu chake cha jometri mwaka 1637, na kwa ajili hiyo jina lake limebandikwa juu ya karatasi ya miraba katika lugha za Ulaya. Lakini mwenye kukifungua kitabu kile haikuti mihimili miwili iliyokatana wala pande nne ambazo watoto huzichora leo. Newton alizitumia pande za hasi waziwazi katika kazi iliyochapwa 1704. Bara Hindi, Brahmagupta alikuwa ameandika kanuni za nambari hizo tangu 628, akiziita madeni, na zile za chanya akiziita mali. Lugha hiyo yafahamika Kariakoo bila mkalimani. Mwenye duka anayedaiwa laki tatu, akipata faida ya laki tatu na kulipa, hana kitu mkononi, bali amefika sifuri. Na mtu aliyepata kufika sifuri kutokea chini hawezi kukubali kuwa sifuri ni bure.

Baba na binti waliamua kuyachora mazoezi juu ya mitaa wanayoijua. Hapo ukazuka ubishi. Binti alitaka asili iwe Mnazi Mmoja, pale Uhuru inapokatana na Lumumba, kwa sababu ni mahali wazi, rahisi kupakumbuka. Mhimili uliolala ukawa Mtaa wa Uhuru. Mashariki ikawa chanya, yaani upande wa Posta na Kivukoni. Magharibi ikawa hasi, yaani mtaa wa Kongo, wa Swahili, wa Msimbazi, na Ilala yenyewe walipokaa. Baba alitazama karatasi kwa muda.

"Kwa nini sisi tuwe hasi na Posta iwe chanya?"

"Hasi si ubaya, Baba. Ni upande tu."

"Sawa. Aliyechagua upande alikuwa amesimama wapi?"

Mtoto hakuwa na jibu, na katika kitabu chake halimo. Jibu liko katika tarehe. Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington kuamua mstari wa sifuri wa dunia upite wapi. Nchi 22 zilikubali upite Greenwich, karibu na London, kwa kuwa ramani nyingi za meli zilikuwa zimekwisha chapwa kwa hesabu hiyo. Ufaransa haikuunga mkono, wala haikuharakisha kuacha hesabu yake ya Paris. Saa zake hazikufuata Greenwich mpaka 1911. Kwa hiyo mchukuzi wa Kariakoo aliyeona uchungu kuwa hasi asidhani kuwa aliona haya peke yake. Mwezi mmoja baada ya Washington, Novemba 1884, mkutano mwingine ulifunguliwa Berlin, nao ulihusu Afrika. Hapana mtu wa pwani hii aliyeketi katika mkutano wowote kati ya hiyo miwili. Asili ya ramani ya dunia, ambapo mstari wa Greenwich unaikata Ikweta, iko katika Ghuba ya Guinea, majini, mahali asipozaliwa mtu. Na kutoka hapo Dar es Salaam imepewa 39.28 upande wa mashariki na −6.8 upande wa kusini. Kistari kile alichokiacha karani kina umri huo.

Hata hivyo watu wa mji huu wanajua zaidi ya mtu yeyote kwamba asili yaweza kuhamishwa na mambo yasiharibike. Jirani na Mnazi Mmoja pana Mnara wa Saa, uliojengwa 1961 kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji. Mshale mfupi ukiwa juu ya tisa asubuhi, mpita njia huitazama tisa ile na kusema ni saa tatu, wala hadhani kuwa amekosea kusoma. Wazungu huanza kuhesabu siku usiku wa manane. Mswahili huianza jua linapochomoza na tena linapokuchwa. Asili mbili, tofauti yake saa sita, na kila mtu aliyepata kupanga miadi na ofisi huzibadilisha kichwani mara kumi kwa siku. Mwanafunzi wa sekondari hupewa kazi ya kuhamisha mihimili akaiona ngumu kama mwamba, naye ameifanya tangu alipojifunza kusoma saa. Hakuambiwa tu kuwa ndiyo hiyo.

Baba alipendekeza asili iwe Sokoni, Swahili na Mkunguni. Wakachora upya. Sasa mtaa wa Lumumba ukawa chanya, Msimbazi ikawa hasi, na Posta ikawa mbali sana mwisho wa karatasi. Hakuna jengo lililohama. Hakuna mtaa uliopinda. Umbali kutoka Kongo hadi Msimbazi ulibaki vile vile ulivyokuwa katika mchoro wa kwanza, na binti, ambaye mpaka hapo alikuwa akifundisha, alikaa kimya akizitazama karatasi mbili kwa zamu. Huenda usiku ule alijifunza kitu ambacho zoezi la darasani halikuuliza: kwamba nambari si mali ya mahali, ni habari ya mahali kwa mtu aliyesimama pengine.

Majina nayo yana udhaifu wake, ijapokuwa ni matamu zaidi kinywani. Babu yake mtoto huyo aliuita Mtaa wa Uhuru "Kichwele" hata mwisho wa maisha yake, kwa kuwa ndilo jina alilolikuta. Lumumba uliitwa New Street, na katika mtaa huo TANU ilizaliwa 7 Julai 1954. Mzee wa zamani akisema Kichwele na Msimbazi, na kijana akisema Uhuru na Msimbazi, wamesimama mahali pamoja na huenda wasionane. Nambari haijali nani ametawala. Lakini pia haimkumbuki mtu, na hapana mtoto aliyepata kuuliza kwa nini nambari imeitwa hivyo akasimuliwa habari za Kongo.

Lililobaki lilikuwa lile la kutangulia na kufuata, ambalo liliutupa mzigo baharini. Njia panda husamehe: "Mkunguni na Swahili" ni pale pale palipo "Swahili na Mkunguni," kwa kuwa kila jina lina mtaa wake na haliwezi kudhaniwa kuwa mtaa mwingine. Nambari hazina sura hiyo. Tatu ya kulala na tatu ya kusimama zafanana kama mapacha, na kitu pekee kinachozitenga ni zamu. Kwa sababu hiyo (3, 5) na (5, 3) ni nyumba mbili zilizo mbali. Binti alikuwa ameandika hivyo katika daftari lake kwa wino mwekundu. Baba akamtolea karatasi ya karani.

"Hapa kusini na kaskazini imetangulia," alisema binti. "Mwalimu alituambia wa kulala hutangulia. Hii imeanza na wa kusimama."

Alikuwa amesoma sawasawa. Ramani za simu hutanguliza kimo, kaskazini na kusini, ndipo zitaje mashariki na magharibi; darasa hutanguliza mlalo. Ni desturi mbili za nyumba mbili, na zote mbili huandika nambari, mkato, nambari, bila kuonya. Mtoto huadhibiwa kwa kuchanganya zamu, wakati watu wazima wenyewe hawajakubaliana zamu ni ipi.

Walikaa mpaka taa ya jirani ikazimwa. Binti alimweleza baba yake kwa nini desimali ndefu zina maana: kwamba tarakimu ya kwanza baada ya nukta ni kilomita kama kumi na moja, ya pili ni kilomita moja na kidogo, ya tatu ni mita kama mia na kumi, ya nne ni mita kumi na moja, karibu upana wa Mtaa wa Kongo siku za sikukuu usipohesabu meza za wachuuzi. Baba alimweleza jinsi anavyojua, bila kutazama kibao, kuwa amepita mtaa mmoja zaidi: upepo hubadilika kwenye njia panda. Kila mmoja alikuwa mwalimu katika lugha ambayo mwingine aliielewa.

Hilo si jambo la kulipita haraka. Tangu 1967 shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na ndiyo sababu mvuta mkokoteni wa darasa la saba aliweza kuketi na mtoto wake juu ya mhimili, asili, chanya na hasi, akabisha, akashinda ubishi mmoja na kushindwa miwili. Binti akifaulu mtihani, mwakani ataingia sekondari, ambako nukta zile zile hufundishwa kwa Kiingereza. Asili itakuwa na jina jingine, hasi itakuwa na jina jingine, na majira, lile neno la manahodha, litaachwa mlangoni pamoja na sare ya zamani. Nukta zitakuwa pale pale. Baba hatakuwapo. Hakuna aliyemfukuza, mihimili imehamishwa, na hakuna atakayemwambia kwa saa ngapi.

Yeye alilijua hilo bila kuelezwa, kwa kuwa alikuwa na mtoto mkubwa zaidi aliyepita njia hiyo. Ndiyo maana, binti aliposema kuwa maswali yamebaki mawili na kwamba atayamaliza asubuhi, alimwambia, "Hapana, mama. Tuyamalize." La mwisho alilifanya yeye: (−4, −2). Aliweka kalamu kwenye asili, na safari hii hakusema kitu mpaka alipotoka. Kushoto moja, mbili, tatu, nne. Chini moja, mbili. Akaweka nukta kubwa kupita kiasi, kama wanavyofanya watu wasioandika mara nyingi, na binti akaandika herufi kando yake.

Kulipokucha alikuwa dukani mapema. Ulikuwako mzigo mwingine wa ghala lile lile la Keko, na karani alikuwa amekwisha nakili nambari katika kipande kingine cha karatasi. Mchukuzi aliipokea, akaisoma polepole akiwa amesimama kati ya mikono ya mkokoteni, akairudisha.

"Mdogo wangu, kistari kiko wapi?"

Karani alitazama simu, akatazama karatasi, akachukua kalamu. Aliiandika alama ile kwa kuikoleza mara mbili. Mchukuzi akaikunja karatasi, akaufunga mzigo kwa kamba, akaingia Mtaa wa Swahili akiupigia watu kelele wapishe.